Kuandaa gari na timu kwa rali ndefu ya changarawe katika Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye gari lake, fundi anayemwamini na fedha za kuhesabu, ambaye anataka kuingia kwa mara ya kwanza katika rali ya siku tatu au nne kwenye barabara za changarawe za Iringa, Njombe na Mbeya. Rali fupi inayoanza asubuhi na kumalizika jioni ina hesabu zake, nayo humvumilia dereva kwa mengi kwa sababu gari linarudi gereji usiku huohuo. Rali ndefu haina uvumilivu huo. Nati iliyolegea siku ya kwanza hulala na gari, huamka nalo, na hudondoka siku ya tatu katikati ya pori la Chunya, mahali ambapo hata mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Kabla ya kununua kifaa chochote, fanya hesabu ifuatayo. Dereva anayemzidi mwenzake kwa sekunde 2 katika kila kilomita ni mwepesi kweli kweli, na baada ya kilomita 200 za mashindano atakuwa ametangulia kwa sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Kubadilisha boli jointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele) iliyokatika kando ya barabara, hata kama kipuri kimo ndani ya gari na mikono imezoea, hula karibu nusu saa. Maana yake ni kwamba kukatika mara moja tu kunafuta wepesi wote wa siku mbili, na shilingi inayowekwa katika uimara wa gari karibu kila mara inarudisha muda mwingi kuliko shilingi inayowekwa katika nguvu za injini.

Historia ya Safari Rally inaonyesha jambo hilo vizuri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93 na kufika 7 vilevile. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akisomewa ramani na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyohiyo. Peugeot 404 haikusifika kwa kasi kuliko magari yote iliyoshindana nayo. Ilisifika kwa kutofunguka ilipopigwa na mashimo.

Tabia ya barabara za huku

Chukulia kwamba njia inaanzia Iringa, inakwenda upande wa Idodi, inarudi na kupita Mufindi, inashuka Usangu, inapanda Matamba kutoka Chimala, kisha inavuka hadi Mbeya na kuishia Chunya. Katika njia hiyo moja gari litakutana na nchi tano zisizofanana, na kila moja ina namna yake ya kuharibu gari.

Barabara ya kutoka Iringa kuelekea Idodi na Tungamalenga ni ya mwendo: imenyooka kwa vipande virefu, ina vumbi jingi, na uso wake umekunjamana kama bati kwa sababu ya magari ya kila siku. Mufindi ni kinyume chake, maana kuna udongo mwekundu unaoteleza kwa mvua kidogo tu, ukungu wa asubuhi, na malori ya mbao na ya chai ambayo yamechimba mifereji miwili ya magurudumu, mirefu kiasi kwamba gari la chini hulalia tumbo. Usangu, kwenye mita 1,000 na ushee juu ya usawa wa bahari, ni tambarare ya joto yenye udongo mweusi wa mbuga unaonata, mifereji ya mashamba ya mpunga inayokatiza njia, na makundi ya ng'ombe. Kutoka Chimala barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona 57, ambazo wenyeji wanaziita kwa hesabu yake tu, Hamsini na Saba. Na ukishafika juu unaelekea uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600, ambako mwezi wa Juni na Julai nyasi huamka na barafu. Chunya inakurudisha kwenye joto, mchanga na miti ya miombo, pamoja na visiki vilivyojificha kwenye majani kando ya kila kona.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwenye miinuko huvuta hadi Mei. Rali ya Machi na rali ya Agosti katika barabara ileile ni mashindano mawili tofauti, kwa hiyo usinunue matairi kabla ya kujua tarehe.

Kuchagua na kuimarisha gari

Chagua gari ambalo vipuri vyake vinapatikana Iringa, Makambako na Mbeya bila kuagiza. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zimezoeleka katika rali za Tanzania, na mafundi wengi wanazijua. Lakini Toyota ya kawaida yenye magurudumu mawili ya kuvuta, ikiandaliwa vizuri, hufika mahali ambapo gari la bei kubwa limebaki likisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam. Kwa mgeni wa rali ndefu, mimi ningependekeza hiyo ya pili bila kusita.

Anza na bodi. Vua viti, mazulia na kila kitu cha ndani hadi ubaki na bati tupu, kisha ukague maungio yote ya bati kwa tochi, hasa mahali ambapo shokapu za mbele zinashikilia na mahali ambapo mikono ya nyuma inafungwa. Maungio hayo yachomelewe upya kwa kuruka, kipande cha sentimita chache kila baada ya nafasi, kwa sababu kuchomelea mfululizo hulifanya bati kuwa gumu na hatimaye kupasuka pembeni mwa mshono. Kizimba cha mabomba ya chuma kinachowalinda mliomo ndani lazima kijengwe kwa vipimo vya kanuni za mashindano na mtu anayezijua, maana wakaguzi wataangalia unene wa bomba na ubora wa mshono kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Chini ya injini na giaboksi funga bamba nene la kukinga sampu, yaani bakuli la oili, na bamba hilo lifungwe kwa namna ambayo fundi anaweza kulitoa kwa dakika chache, kwani matope na mawe hukaa juu yake na kuzuia joto kutoka.

Shokapu ndizo zinazobeba rali ndefu. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye barabara ya bati la Idodi joto hilo hupanda hadi mafuta ya ndani yanakuwa mepesi na gari linaanza kurukaruka bila kushikika. Nunua shokapu zilizotengenezwa kwa changarawe, zenye mafuta mengi, na ukae na jozi moja ya akiba ya mbele. Mnapofika kwenye huduma, yaani mahali ambapo mafundi wanalisubiri gari, fundi ashike kila shokapu kwa glovu kabla ya kufanya jambo lingine: zote nne zinapaswa kuwa moto, zile za mbele zikikaribiana zenyewe kwa zenyewe na za nyuma vivyo hivyo. Ile iliyo baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili haifanyi kazi tena, hata kama haijavuja tone. Ni kipimo cha sekunde 20 ambacho hakihitaji mashine yoyote, na ajabu ni kwamba timu nyingi hukiruka, zikaondoka na shokapu iliyokufa.

Kila nati ya chini ya gari ikishakazwa kwa kipimo chake, ichorwe mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kinachoishikilia. Rangi ya kucha nyekundu au ya njano inafaa kabisa, nayo inauzwa kila sokoni. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na fundi aliyelala chini ya gari akiwa na tochi anaona kwa jicho mara moja nati gani ya kukaza, badala ya kuzipitia zote kwa spana huku muda wa huduma ukiyoyoma.

Vumbi na maji yanaingia kwa njia moja, nayo ni kila tundu ulilolisahau. Chujio la hewa liwe jipya kila siku ya mashindano, na mdomo wa bomba lake usikae mahali ambapo gurudumu la mbele linarushia vumbi. Difu na giaboksi zina vipumulio vidogo vya hewa. Chuma chenye moto kikizama ghafla kwenye maji ya mto, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio hicho, na oili inageuka rangi ya maziwa. Ongeza mpira mrefu kwenye kila kipumulio, uupandishe hadi juu karibu na boneti, na tatizo hilo litakuwa limekwisha kwa gharama ya mita chache za mpira.

Kuhusu miinuko kuna mambo mawili. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban robo ya nguvu zake ikifika usawa wa Kitulo, kwa hiyo usishangae gari likiwa zito na wala usianze kulifungua kutafuta ubovu usiokuwepo. Tumia gia ya chini zaidi na uvumilie. La pili ni maji. Kwenye mita 2,600 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kilichochoka, ambacho huko chini Usangu hakikuleta shida, kitaanza kumwaga maji ukiwa nusu ya mlima wa Chimala. Weka kipya, na kingine kiwe kwenye sanduku la vipuri.

Breki nazo zinaingia hapo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 230, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Mtu anayeshuka Hamsini na Saba kwa mwendo wa mashindano na mafuta ya mwaka jana atakanyaga pedeli ikaenda hadi chini bila kukutana na kitu. Badilisha mafuta yote wiki ya rali, na kama njia ina mteremko mrefu, yabadilishe tena usiku unaotangulia siku hiyo.

Matairi

Tairi la rali ya changarawe lina kuta nene za pembeni, na ukuta huo ndio unaonunua. Kwa barabara yenye mawe makali ongeza upepo kidogo ili ringi isigonge chini. Paundi 30 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa gari la uzito wa kawaida, kisha usikilize ushauri wa mtengenezaji wa tairi. Kwenye mchanga na matope unaweza kupunguza. Pima upepo tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilekile siku zote, na ukumbuke kwamba tairi likipata moto upepo hupanda kwa takriban paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Kupanda kutoka Usangu hadi Kitulo kunaongeza paundi 2 hivi kwenye kipimo kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, ingawa baridi ya juu inarudisha sehemu ya ongezeko hilo. Kwa hiyo usipunguze upepo mlimani kwa pupa, maana utashuka Mbeya na tairi laini.

Bebeni matairi mawili ya akiba. Pancha ni jambo la kutarajiwa, na kinachotofautisha timu ni namna inavyolibadilisha tairi. Fanyeni mazoezi nyumbani hadi kila mtu ajue mikono yake inaenda wapi. Dereva asimamishe gari mahali pagumu, panapoonekana kutoka mbali, aweke gia ya kwanza na kuvuta hendibreki. Msoma ramani ashuke kwanza na pembetatu nyekundu, ambayo kwa kanuni za kimataifa inawekwa angalau mita 50 nyuma ya gari, huku dereva akilegeza nati zote kwa nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Jeki iwe tayari na kipande cha ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30 kilichofungwa kwenye kitako chake, kwa sababu udongo wa mbuga humeza jeki tupu. Gari likinyanyuka, dereva avute tairi bovu na kulisukumia chini ya kizingiti cha mlango, ili jeki ikiteleza gari lisiangukie diski. Msoma ramani avishe zima. Nati zishikwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kwa kuvuka, juu na chini, kushoto na kulia. Timu iliyozoea humaliza kati ya dakika 2 na 3. Timu inayosomeana maelekezo humaliza kwa dakika 8, na kwa kawaida huwa imesahau spana ya magurudumu barabarani.

Kukagua njia na kuandika noti

Kwa karibu miaka 20 ya mwanzo hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda Safari. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Waliokuwa wakiwashinda wageni hao hawakuwa na magari bora. Walijua barabara ipi hugeuka mto saa mbili baada ya mvua, na dereva wa Mbeya au Iringa anaingia na mtaji huohuo ikiwa ataufanyia kazi.

Waandaaji kwa kawaida hutoa nafasi ya kupita njia mara mbili kwa mwendo mdogo. Mara ya kwanza dereva anasema na msoma ramani anaandika noti, yaani maelezo mafupi ya kila kona na hatari. Mara ya pili msoma ramani anasoma na dereva anasahihisha. Pimeni kona kwa namba kuanzia 1 hadi 6, ambapo 1 ni kona kali kabisa na 6 ni ile inayokaribia kunyooka. Lugha iwe fupi na isibadilike. Mstari wa noti unaweza kusomeka hivi: "Kulia 4, mita 80, kilima kipofu, kaa katikati, kushoto 3 inabana, usikate, kisiki ndani." Neno "inabana" lina maana kwamba kona inazidi kuwa kali kadiri unavyoingia, na "kipofu" kwamba upande wa pili hauonekani. Msiwe na maneno mawili kwa jambo moja, kwani kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa gari linapita mita 33 kila sekunde, na dereva akisita kutafakari kama "kaza" ni sawa na "bana" atakuwa ameshaikosa kona.

Hatari zipewe daraja: tahadhari moja, mbili au tatu. Tahadhari tatu ni mahali ambapo kukosea kunamaliza rali au kuumiza mtu, kama daraja la mbao lenye ubao uliong'oka, kalvati iliyobomoka upande mmoja au mfereji uliochimbwa na mkulima kuvusha maji. Zitumieni kwa uchoyo. Noti zenye tahadhari tatu kila kilomita humfanya dereva azizoee na kuacha kuzisikia.

Shukeni kwenye gari. Kwenye kivuko cha mto ingieni kwa miguu na fimbo, mpime kina na ugumu wa chini, na mwandike upande wa kupita. Kwenye kijiji simameni, msalimieni mzee aliyekaa barazani, mwulizeni maji yalifika wapi mwaka jana na ng'ombe huvuka saa ngapi. Mzee wa Mbarali aliyejibu shikamoo yenu atawaambia kuhusu lile korongo lililo nyuma ya mwembe kwa usahihi ambao picha ya setilaiti haina. Mfike pia ofisi ya serikali ya kijiji, hata kama waandaaji wameshapeleka barua, kwa sababu siku ya mashindano mwenyekiti wa kitongoji ndiye atakayewaondoa watoto barabarani.

Timu ya huduma

Mafundi watatu wanatosha ikiwa kila mmoja anajua kona yake ya gari. Mmoja ashughulikie mbele, mmoja nyuma, wa tatu ashughulikie injini, mafuta na saa. Gari la huduma libebe vipuri kwa mpangilio wa uwezekano wa kuharibika: boli jointi, tairodi endi, beringi za magurudumu, shafti, shokapu, bushi, mikanda, mipira ya maji, pedi za breki, klachi, kisha mambo mengine. Jenereta ndogo na mashine ya kuchomelea ni vya lazima, maana umeme wa kuazima kijijini huwa hautoshi mashine hiyo.

Hesabu ya mafuta ni rahisi, lakini watu huikosea kwa kutumia ulaji wa safari ya kawaida. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kutumia lita 25 au zaidi kwenye mashindano. Kwa umbali wa kilomita 140 hadi kituo kinachofuata, hiyo ni lita 35, na ongezeko la tano moja kwa ajili ya matope na kupotea linazifikisha lita 42.

Kwa waliomo ndani ya gari, maji ni nusu lita kwa saa kama kiwango cha chini, hasa Usangu na Chunya ambako ndani ya kofia ngumu na nguo zisizoshika moto joto ni kali. Chakula kiwe chepesi: ndizi, viazi vya kuchemsha, chapati, karanga. Ugali na nyama ya kuchoma visubiri jioni.

Kuendesha

Siku ya kwanza endesha kwa mwendo ambao, ukiulizwa, ungesema unaweza kuushika siku nne. Ni mwendo unaochosha nafsi zaidi kuliko mwili, kwa sababu utawaona wengine wakikupita kwenye orodha ya muda wa jioni. Acha wakupite. Wengi wao utawakuta Usangu boneti zikiwa wazi.

Kwenye barabara ya bati, mwendo wa kati ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa gurudumu linashuka kwenye kila bonde na kugonga kila tuta. Kuanzia kilomita 70 au 80 kwa saa gari huanza kupita juu ya vichwa vya matuta na mtikisiko hupungua. Ila jua kwamba wakati huo matairi yanagusa ardhi kidogo sana, na breki au usukani wa ghafla utalipeleka gari mahali lisikotakiwa. Punguza mwendo mapema, gari likiwa limenyooka, kisha ndipo uingie kona.

Usikate kona za Chunya na Mufindi hata kama aliyetangulia ameacha alama za tairi kwenye majani. Yeye huenda alikata na kuvunja ringi mita 200 mbele. Kwenye vumbi la asubuhi isiyo na upepo, gari lililotangulia kwa dakika 2 linaweza kuwa limeacha ukuta unaoning'inia hewani, na hapo noti zinakuwa macho yako. Ikiwa hamziamini noti, punguza hadi uone. Kwenye udongo wa mbuga uliolowa kanyaga kwa upole na usisimame katikati, maana tope hujaa ndani ya bawa la gurudumu na gari likisimama gurudumu halizunguki tena. Kwenye maji ingia taratibu, shika mwendo mmoja, na ukitoka kanyaga breki mara mbili tatu kuzikausha kabla hujazihitaji.

Watazamaji wa huku wana mapenzi makubwa na rali, nao husimama upande wa nje wa kona, yaani palepale gari linapoelekea likiteleza. Ukiwaona ndani ya barabara, punguza mwendo, na ikibidi simama. Hakuna sekunde inayotafutwa mahali hapo.

Kati ya hatua na hatua, yaani vipande vya njia vinavyoshindaniwa kwa saa, barabara ni ya watu wote, na sheria za barabarani zinabaki kama kawaida, pamoja na kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwenye barabara kuu ya Iringa, Makambako na Mbeya kuna malori ya Tunduma, bodaboda na askari wa usalama barabarani, na timu ambayo imetoka hatua ikiwa bado na damu ya moto ndiyo inayopata ajali hapo.

Saa na karatasi

Mashindano ya magari nchini yanasimamiwa na Chama cha Magari Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi chake cha AAT, na leseni ya mashindano ya dereva na ya msoma ramani inaombwa mapema huko. Bima, ukaguzi wa gari na vipimo vya afya vifanywe wiki kadhaa kabla.

Msoma ramani ndiye mlinzi wa saa. Kwa kanuni za kimataifa, kuchelewa kwenye kituo cha muda kunatozwa sekunde 10 kwa kila dakika, lakini kuwahi kunatozwa dakika nzima kwa kila dakika. Kwa hiyo mkifika mapema, simameni kabla ya ubao wa njano na msubiri dakika yenu, halafu msoma ramani apeleke kadi ya muda, asome kilichoandikwa na karani palepale, na kama kuna kosa liandikwe upya kabla gari halijaondoka. Kosa lililogunduliwa jioni hotelini ni gumu sana kulirekebisha.

Mkipata ajali au gari likifa, onyesheni kwa gari linalofuata bango lenye alama ya "OK" ya kijani ikiwa hakuna aliyeumia, au "SOS" nyekundu ikiwa msaada wa daktari unahitajika. Yeyote anayeonyeshwa nyekundu analazimika kusimama. Mkiamua kujitoa, wajulisheni waandaaji mara moja kwa simu au kupitia kituo kilicho karibu, kwani vinginevyo watu watatumwa kuwatafuta usiku kwenye milima ya Makete.

Na mkifika mwisho, gari linaingizwa kwenye uwanja uliofungwa na kuachwa hapo. Fundi asifungue boneti, asiongeze maji, asiguse hata kioo, mpaka matokeo ya awali yamebandikwa, nusu saa ya kupokea malalamiko imepita, na wasimamizi wametamka kwamba magari yanaweza kuchukuliwa.